Mfamasia Akumbukwe kwa Alichokataa Kuuza

Gazeti la wikendi huwa nalianzia nyuma, kwenye kurasa za tanzia na kumbukumbu. Nyumbani wananicheka, wanasema ni uzee. Mimi nasema ndiko walikobaki watu wanaoandikwa gazetini bila kugombea cheo. Humo utamkuta mwalimu wa shule ya msingi, karani wa bandari, muuguzi, fundi wa reli. Na mara kwa mara utamkuta mfamasia: koti jeupe, kalamu kwenye mfuko wa kifuani, tabasamu la mtu aliyezoea kusimama kutwa.

Maneno yaliyo chini ya picha hiyo ni yale yale kila mara. Alikuwa mcha Mungu. Alikuwa mzee wa kanisa, au hakukosa swala ya alfajiri msikitini. Baba mwenye upendo, babu aliyependwa na wajukuu. Ameacha pengo lisilozibika. Halafu, kana kwamba mwandishi amekumbuka dakika ya mwisho, linawekwa neno la kitaaluma: alikuwa mfamasia. Basi. Ukienda msibani ni vile vile. Wasifu wa marehemu unasomwa kuanzia ubatizo na kipaimara hadi ndoa, watoto na ugonjwa uliomchukua. Na kwa Waislamu imamu anauliza, mnamshuhudia vipi marehemu, watu wanaitikia, mtu mwema. Wema wenyewe aliufanyia wapi? Kwa nani? Kwa gharama gani? Hapo kimya.

Mimi naona tunawapunja marehemu hawa. Imani ya mfamasia na mapenzi yake kwa familia havikuwa kando ya kazi yake, vilikuwa ndani ya kazi hiyo hiyo. Ukitaka kujua alimcha Mungu kiasi gani, usiulize alikaa safu ya ngapi. Uliza alikataa kuuza nini, alimkatalia nani, na jioni hiyo mauzo yalikuwaje.

Mama na noti ya elfu mbili

Mtaani kwetu palikuwa na mzee mwenye famasi, mtu wa swala tano. Jina lake silitaji. Wanawe wapo, na yeye mwenyewe hakupenda kusemwa. Watu walimwita dokta, naye kila mara aliwarekebisha kwamba yeye si daktari, na kila mara hawakumsikia. Alikuwa na kisahani cha plastiki cha kuhesabia vidonge na kijiko bapa cha kusogezea. Alihesabu tano tano, akimaliza anarudia tena tangu mwanzo, hata kama foleni imefika barazani.

Jioni moja nilikuwa nimekaa kwenye benchi lake nikisubiri dawa zangu za presha. Akaingia mama kijana, mtoto mgongoni, noti ya elfu mbili imekunjwa kiganjani.

"Shikamoo dokta. Naomba Flagyl ya maji, na vile vidonge vya rangi mbili. Viwili tu."

"Marahaba mwanangu. Mtoto ana nini?"

"Anaharisha tangu asubuhi."

"Kuna damu?"

"Hapana, maji matupu."

Mzee akatoka nyuma ya kaunta. Akamtazama mtoto macho, akamfinya ngozi ya tumbo taratibu na kuiachia, akauliza kama ananyonya na kama anatapika. Kisha akasema hatamuuzia. Mama akaona amedharauliwa: "Pesa ninayo, dokta." Mzee akajibu, "Najua unayo. Ndiyo maana nataka ununue kitu." Akamtolea pakiti za ORS na vidonge vya zinki. Akamwelekeza: pakiti moja kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, na asiache kunyonyesha. Kidonge cha zinki akiloweke kwenye kijiko, kimoja kwa siku, siku kumi mfululizo, hata kama tumbo litafunga kesho. Akiona damu, au macho ya mtoto yakididimia, au akishindwa kunywa, aende hospitali usiku huo huo, asirudi pale. Akamrudishia chenji.

Mama aliondoka amenuna. Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka jingine la dawa ambalo lingempa vidonge vyake viwili bila swali. Kama alivuka au hakuvuka, sikumwona. Mzee alirudi kwenye kisahani chake akanung'unika, "Mchelea mwana kulia, hulia yeye," akaanza tena kuhesabu dawa zangu kutoka moja.

Hebu tuipige hesabu biashara ile. Dawa aliyoikataa ilikuwa ghali kuliko aliyoiuza. Muda alioutumia ungetosha wateja watatu. Na mteja huenda alimpoteza moja kwa moja. Hayo yote kwa ajili ya nini? Kwa sababu kuharisha maji kwa mtoto mara nyingi hakuhitaji antibayotiki, kinachoua ni kukaukiwa maji. Na kwa sababu vidonge viwili vilivyomegwa kutoka kwenye dozi ya antibayotiki haviponyi ugonjwa. Vinaua vimelea dhaifu na kuwaacha wale sugu wazaane.

Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 katika jarida la The Lancet yanasema kwamba mwaka 2019 usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulisababisha moja kwa moja vifo vya watu milioni 1.27 duniani, na ulihusika katika vifo vipatavyo milioni 4.95. Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyoonekana kubeba mzigo mkubwa zaidi. Takwimu za namna hii huwa hazimuumizi msomaji, ni kubwa mno. Kinachouma ni pale mjamzito mwenye maambukizi ya njia ya mkojo anapomaliza dozi ya dawa ya bei rahisi na homa haishuki. Anaandikiwa sindano. Sindano zinataka kitanda, kitanda kinataka mtu wa kumuuguza, muuguzaji anataka nauli na chakula. Mwisho wa wiki mbuzi ameuzwa, na mdogo wake hajaenda shule kwa sababu alibaki na watoto. Nani atamkumbuka mfamasia aliyezuia hayo miaka mingi nyuma, kwa kumnunisha mteja mmoja?

Mtu wa baiskeli huko Viedma

Yupo mfamasia mmoja aliyekumbukwa kwa kazi yake. Artemide Zatti alizaliwa tarehe 12 Oktoba 1880 huko Boretto, kaskazini mwa Italia, katika familia ya wakulima maskini. Akiwa na miaka tisa tayari alikuwa kibarua wa mashamba ya watu. Mwaka 1897 umaskini uliwavusha bahari wazazi wake na watoto wao hadi Bahía Blanca, Argentina. Huko akasogea kwa Wasalesiani wa Don Bosco, shirika lile lile ambalo hapa Afrika Mashariki tunalijua kwa vyuo vyake vya ufundi. Alitaka kuwa padri. Katika malezi alikabidhiwa kumuuguza padri kijana mwenye kifua kikuu, naye akaambukizwa.

Mwaka 1902 walimpeleka Viedma, Patagonia. Huko Padri Evasio Garrone alikuwa akiendesha hospitali ndogo yenye famasi. Zatti akaweka nadhiri mbele ya Bikira Maria: akipona, maisha yake yote ni ya wagonjwa. Akapona. Upadri ukapita, akabaki bradha, akaanza kujifunza dawa kwa Garrone. Garrone alipofariki mwaka 1911, famasi na hospitali vikamwangukia Zatti, na hakuviacha kwa miaka ipatayo arobaini.

Alisali sana, hilo halina ubishi. Lakini kinachosimuliwa kumhusu ni koti jeupe, baiskeli na mkoba wa dawa. Kila siku alizunguka mji akiwatembelea wagonjwa majumbani, kisha akarudi famasi. Mwenye kidogo alilipa kidogo, asiyekuwa na kitu alichukua dawa akaenda zake. Matokeo yake madeni hayakumwisha. Dawa ya deni kulipa, lakini huyu mtu wa dawa alikuwa na dawa za kila kitu isipokuwa hiyo, ikambidi apande baiskeli ile ile kwenda kuwaomba wenye nazo. Mwaka 1941 jengo la hospitali lilibomolewa ili kupisha makazi ya askofu, naye akawahamishia wagonjwa wake kwenye shule ya kilimo ya shirika na kuanza upya. Mwaka 1950 alianguka kutoka kwenye ngazi. Katika kumpima wakagundua kwamba ana saratani. Wanaosimulia maisha yake husema aliandika mwenyewe hati ya kifo chake, akaacha nafasi ya tarehe tu. Hayo ndiyo mambo ya mtu wa dawa: fomu ijazwe vizuri, mengine ni ya Mungu. Alifariki tarehe 15 Machi 1951, na tarehe 9 Oktoba 2022 Papa Fransisko akamtangaza mtakatifu.

Sisemi kila mfamasia awe mtakatifu. Watakatifu ni wachache na foleni za dawa ni nyingi. Nasema tu kwamba ushuhuda wa maisha yake uliwekewa uzito pale alipofanyia kazi. Ukiondoa famasi kwenye simulizi ya Zatti, hubakiwi na kitu cha kusimulia. Ukiondoa famasi kwenye wasifu wa wafamasia wetu, wasifu unabaki vile vile, haukosi hata aya. Nadhani hapo ndipo tulipokosea.

Cheti cha kukodi

Kuna jambo moja katika maisha ya Zatti ambalo lingepaswa kusomwa kwa sauti kila mahafali ya famasi. Zatti alikuwa ametoa dawa kwa miaka mingi, mji mzima unamjua na unamwamini. Hata hivyo mwaka 1917, akiwa mtu mzima wa miaka 36, alikwenda La Plata akafanya mtihani na kupata idhini ya kisheria ya kuendesha famasi. Angeweza kutafuta mwenye cheti, akalitundika jina lake ukutani, kazi ikaendelea. Alitaka jina la ukutani na mkono unaotoa dawa viwe vya mtu mmoja.

Sisi hapa Tanzania tunayo Sheria ya Famasi ya mwaka 2011, tunalo Baraza la Famasi, na kila famasi inatakiwa iwe na mfamasia anayeisimamia. Lakini waulize wenyewe wa kazi hii, wakiwa wametulia na chai yao, watakueleza habari za jina linalokodishwa. Cheti kinaning'inia kwenye fremu ya dhahabu. Mwenyewe yuko mji mwingine, anakuja siku ya ukaguzi na siku ya kupokea chake cha mwezi. Kaunta imeachiwa kijana aliyemaliza kidato cha nne juzi, ambaye ameambiwa na mwenye duka kwamba mteja asitoke mikono mitupu.

Simlaumu kijana huyo. Wala sisemi kwamba asiye na shahada hawezi kutoa dawa kwa uadilifu. Mpango wa maduka ya dawa muhimu, yale tunayoyafupisha DLDM, ulioanzia Songea mwaka 2003, ulijengwa juu ya ukweli kwamba vijijini mfamasia hayupo na hatakuwepo leo wala kesho. Basi afunzwe mtoa dawa, aruhusiwe orodha yake, akaguliwe. Nimewaona watoa dawa wa vijijini wanaomwambia mtu "hii sina ruhusa nayo, nenda kituo cha afya" bila kupepesa macho. Uadilifu huo ni wa kuuenzi kuliko shahada iliyokodishwa. Kinachonikera ni yule mwenye jina. Jumapili yuko mbele kabisa kanisani, au Ijumaa yuko safu ya kwanza msikitini, na siku akifa tutasoma kwamba alikuwa mwaminifu katika yote.

Na gharama tunailipa sisi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, takriban bidhaa moja kati ya kumi za tiba ni duni au bandia. Ni nani anayesimama kati yako na hiyo moja? Mkaguzi hawezi kuwa kila mtaa kila siku. Ni yule anayeamua atanunua mzigo kwa msambazaji mwenye risiti na namba ya toleo, au kwa mtu wa begi aliyekuja na bei nzuri saa mbili usiku.

Watoto wake wale nini?

Najua msomaji mmoja ameshaguna. Bradha Zatti hakuwa na mke wala ada za shule. Ni rahisi kukataa faida kama huna mtoto anayesubiri daftari. Mfamasia wetu ana kodi ya fremu, ana leseni, ana umeme wa friji ya insulini ambao ukikatika ni hasara, ana mama mgonjwa kijijini na watoto watatu. Kwake kila "sikuuzii" ni mkate unaotoka mezani kwake.

Hoja hiyo ni ya kweli, na ndiyo inayonifanya nisiridhike na yale maneno "baba mwenye upendo". Yanaonyesha familia kama watu waliokaa tu wakipokea. Sivyo nilivyoona kwa yule mzee wetu. Wanawe walisoma shule za serikali wakati watoto wa mwenye duka la ng'ambo wakipanda basi la shule ya kulipia. Mkewe alikaanga vitumbua alfajiri kwa miaka mingi, na sidhani alifanya hivyo kwa kupenda moshi. Mtoto wake mmoja aliwahi kuniambia kwamba ugomvi mkubwa wa nyumba yao haukuwa pombe wala wanawake, ulikuwa daftari la wakopaji. Mama anataka lifungwe, baba anasema fulani atalipa akivuna. Fulani mwenyewe hakuvuna mwaka huo wala uliofuata. Familia ile ilibeba kila alichokataa kuuza na kila alichotoa kwa mkopo. Siku ya kumkumbuka, mkewe alistahili kutajwa kama mshirika wa kazi, lakini alitajwa kama mjane tu.

Na kuna kitu kingine ambacho hata mke hakukishiriki. Mfamasia anajua siri za mtaa kuliko mwenyekiti wa mtaa. Anajua nani anatumia dawa za kufubaza virusi, binti wa nani alikuja usiku kuulizia P2 ya kuzuia mimba, mzee gani wa heshima ananunua dawa za nguvu za kiume na kuomba zifungwe kwenye gazeti. Anakutana nao arusini, msikitini, kwenye kikao cha shule. Anawapa mkono. Akirudi nyumbani anaulizwa "leo kulikuwa na nini dukani?" naye anajibu "kawaida tu", kila siku, hadi kaburini. Katika ndoa, kunyamaza namna hiyo si kazi ndogo. Mapadri wana kitubio na kanuni zake, mfamasia ana kaunta ya kioo na watu watatu wanaosikiliza kwenye foleni.

Nikumbushe pia zile dakika tano za maelezo ambazo hazilipwi. Dozi ya dawa mseto ya malaria kwa mtu mzima ni vidonge 24 kwa siku tatu: vinne, kisha vinne baada ya saa nane, halafu vinne asubuhi na vinne jioni siku mbili zinazofuata, na vizuri vimezwe pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa. Tunajua kinachotokea majumbani. Siku ya pili homa imeshuka, mgonjwa anajisikia mzima, vidonge vilivyobaki vinawekwa juu ya kabati vimsubiri atakayeumwa mwezi ujao. Ni yule anayesimama na kusema "maliza zote, hata ukijisikia kucheza mpira" anayezuia malaria kurudi. Kuandika 4x2 kwenye bahasha ni sekunde moja. Kumweleza bibi asiyeona vizuri, tena kwa kumtaka arudie kueleza alivyoelewa, ni kazi ya mtu anayemwona bibi huyo kama mama yake.

Tuanze lini?

Tarehe 25 Septemba ni Siku ya Wafamasia Duniani, iliyochaguliwa kwa sababu shirikisho lao la kimataifa liliundwa siku hiyo mwaka 1912. Kesho yake, tarehe 26, Wakatoliki huwakumbuka Kosma na Damiano, ndugu wawili waliotibu bila malipo na kuuawa kwa imani yao, wanaoheshimiwa kama wasimamizi wa wafamasia. Siku mbili zilizopakana, moja ya taaluma, nyingine ya imani na undugu. Hotuba zitatolewa, fulana zitavaliwa. Ningependa siku hizo wamiliki wa famasi waulizwe swali moja la pesa: anayesimama kaunta analipwa kwa mshahara au kwa kiasi alichouza? Maana ukimlipa mtu kwa mauzo, kisha ukamtaka awe mwadilifu, umemwekea mtego na kumwombea dua asinaswe.

Nasi wateja tuna la kufanya ambalo halihitaji sherehe. Tukikataliwa dawa tuulize sababu kabla ya kununa. Tukipewa maelezo tusimtazame mtu kana kwamba anatuchelewesha daladala. Na tukiingia famasi, tusome jina lililo kwenye fremu ukutani, tumuulize aliye kaunta kwa heshima, samahani mwanangu, mwenye jina hili yupo? Akikwambia yuko nyuma, mwombe atoke umsalimie. Akikwambia amesafiri, uliza anarudi lini. Nimelifanya hilo zaidi ya mara moja, na kuna mahali niliambiwa kwamba mheshimiwa yuko kwenye ibada. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi.